KWA NINI PICHA HUKWAMA?
Habari za picha zitembeazo, tangu sinema hata kompyuta

Mwalimu wa darasa awe na chaki tayari, maana leo tutafanya hesabu kidogo ubaoni.

Watu wengi wakisikia neno "historia" hufikiri habari za wafalme na vita tu. Lakini vyombo vya kazi navyo vina historia. Cherehani ina historia, baiskeli ina historia, na kompyuta kadhalika. Tena kuijua historia ya chombo kuna faida kubwa. Mtu ajuaye chombo kilivyojengwa hatua kwa hatua, siku kinapomsumbua hujua mahali pa kuanza kutafuta.

Basi sikilizeni shida tutakayoizungumza leo. Siku hizi kompyuta zimeingia mashuleni, katika zahanati, na katika ofisi za vyama vya ushirika. Watu hukusanyika mbele yake kutazama video ya mafundisho, labda ya kilimo, labda ya kulea watoto. Video ya kawaida huenda vizuri. Lakini ikiwekwa video ya zile picha safi sana ziitwazo HD, mara picha huanza kukwamakwama. Mtu anainua jembe, jembe linasimama hewani, kisha ghafula limekwisha kufika chini. Sauti imetangulia, picha imebaki nyuma. Ndipo mmoja husema, "Kompyuta hii imezeeka. Tuchange fedha tununue nyingine."

Tuseme hao ni watu ishirini wa kikundi kimoja, na fedha hizo ni za akiba yao ya mwaka mzima. Je, wazitoe? Si vema kutoa fedha kabla ya kuujua ugonjwa. Mara nyingi dawa yake haigharimu hata shilingi moja. Historia itatuonyesha kwa nini.

1. HAKUNA PICHA ITEMBEAYO

Jambo la kwanza la kujua ni hili: hakuna picha itembeayo. Kuna picha nyingi zilizosimama, zinazoonyeshwa upesi moja baada ya nyingine. Macho na ubongo wa mtu huziona kuwa mwendo mmoja.

Katika mwezi wa Juni 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, nchi ya Marekani, mpiga picha aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 katika mstari kando ya njia ya farasi. Tajiri mmoja, Leland Stanford, alitaka kujua kama farasi akikimbia huwa na wakati ambapo miguu yake yote minne iko hewani. Farasi alipopita, kila kamera ilipiga picha yake kwa zamu. Picha zikaonyesha kwamba ni kweli, miguu yote huwa hewani. Lakini zilionyesha na jambo lingine: mwendo waweza kukatwa vipande vipande, na vipande vikahifadhiwa.

Miaka 17 baadaye, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu sinema mjini Paris kwa malipo. Chombo chao kilionyesha picha kama 16 kwa kila sekunde. Shida yao ilikuwa hii: picha haifai kupita mbele ya taa bila kusimama, maana itaonekana kama ukungu. Ni lazima isimame kidogo, iangazwe, kisha ivutwe upesi ipishe nyingine. Louis alipata shauri lake katika cherehani. Wenzetu washonaji wanajua jinsi kitambaa kinavyovutwa hatua, kikasimama sindano ipite, kikavutwa tena. Ndivyo filamu ilivyovutwa.

Shikeni neno hilo, maana ndilo kiini cha somo letu. Kila picha ina wakati wake wa kufika. Ikichelewa, mtazamaji ataona mkwamo.

2. SAUTI HAISAMEHE

Katika sinema za kwanza fundi alizungusha mkono wa mashine kwa mkono wake mwenyewe. Akichoka, watu walio katika picha walikwenda polepole. Akiharakisha, walikimbia kama siafu. Watazamaji walicheka, wakasamehe.

Mnamo mwaka 1927 sinema zenye kusema zilianza kupendwa sana huko Marekani, na mambo yakabadilika. Sauti ikienda polepole huwa nzito, ikienda upesi huwa nyembamba. Macho huweza kuvumilia, lakini masikio hayavumilii. Kwa hiyo ikawa lazima mashine iende kwa mwendo mmoja tu, na mwendo huo ukawekwa kuwa picha 24 kwa sekunde. Mpaka leo sinema nyingi hutengenezwa hivyo.

Hata Tanganyika jambo hili lilijulikana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la sinema za mafundisho, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Sinema hizo zilipelekwa kwa gari zikaonyeshwa kwa watu. Picha zilikuwa katika filamu, lakini sauti ilikuwa katika sahani za gramafoni, mbali na filamu. Basi ilikuwa lazima vitu viwili viende sawasawa, kama wapagazi wawili waliobeba mti mmoja.

Kompyuta yako nayo imefundishwa sheria hiyo hiyo. Mara nyingi programu ya kuonyesha video huifuata sauti kama saa. Sauti huachwa iendelee, na picha iliyochelewa hutupwa, ili picha ijayo isichelewe nayo. Mkwamo unaouona ni pengo la picha zilizotupwa.

3. NENO "HD" NA UZITO WA PICHA

Tarehe 2 Novemba 1936, shirika la BBC la Uingereza lilianza kutangaza televisheni kutoka jumba la Alexandra Palace mjini London. Waingereza waliita televisheni ile ya "picha safi sana". Ilikuwa na mistari 405 tu, na mashine nyingine iliyojaribiwa pamoja nayo ilikuwa na mistari 240. Siku hizi video ya mistari 480 yaitwa ya kawaida. Mnaona basi kwamba neno HD halina kipimo cha milele. Mwaka 1964 watu wa shirika la NHK la Japani walianza kutafuta televisheni yenye mistari zaidi ya 1,000, na kutoka katika kazi kama hiyo tukapata kipimo tunachokitumia leo: mistari 1,080, na kila mstari una nukta 1,920.

Sasa mwalimu, tafadhali andika ubaoni hesabu hii, na darasa lifanye pamoja nawe:

Nukta za picha moja: 1,920 mara 1,080 ni 2,073,600.

Rangi ya kila nukta huandikwa kwa tarakimu tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kila tarakimu huchukua nafasi moja iitwayo baiti. Basi picha moja ni 2,073,600 mara 3, yaani baiti 6,220,800.

Televisheni za nchi nyingi, pamoja na zetu, huonyesha picha 25 kwa sekunde. Basi sekunde moja ni 6,220,800 mara 25, yaani baiti 155,520,000.

(Tutatua kidogo ili darasa limalize hesabu.)

Mmemaliza? Vizuri. Sahani ya DVD hubeba baiti kama 4,700,000,000. Gawanyeni, mtaona kwamba video yetu ingejaza sahani nzima kwa nusu dakika tu. Sinema ya saa moja na nusu ingetaka sahani 179 hivi! Hakuna duka ambalo lingeuza sinema ya namna hiyo, wala hakuna mtu ambaye angeinunua. Ilibidi wataalamu watafute njia ya kuufunga mzigo uwe mdogo.

4. JINSI MZIGO ULIVYOFUNGWA

Njia walizotumia ni mbili, nanyi mnazijua zote mbili kwa kazi zenu za kila siku.

Ya kwanza ni kupepeta. Mama akipepeta mchele kwa ungo, makapi huruka na mchele hubaki. Picha nayo ina makapi, yaani mambo madogo sana ambayo macho hayayatambui. Lakini utayatengaje? Mtaalamu Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore katika nchi ya Uhindi, alifikiri njia ya hesabu ya kufanya hivyo. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani, akanyimwa. Walakini hakuiacha kazi yake. Mwezi wa Januari 1974 yeye na wenzake wawili, T. Natarajan na K. R. Rao, wakaichapisha njia hiyo. Hukata picha katika vipande vidogo, kwa kawaida vya nukta 8 kwa 8, kisha hutenga yale yaonekanayo sana na yale yasiyoonekana. Hesabu hiyo aliyonyimwa fedha ndiyo msingi wa picha na video nyingi mno tunazozitazama leo.

Njia ya pili ni ile ya kuandika barua. Ukimwandikia ndugu yako barua ya kwanza kutoka ugenini, humweleza yote: nyumba ilivyo, kazi ilivyo, majirani walivyo. Lakini barua ya pili husema, "Mambo ni kama nilivyokuandikia, ila mvua imeanza, na jirani amehama." Video hufanya vivyo hivyo. Picha moja huandikwa nzima. Zinazofuata huandikwa mabadiliko tu: "Uwanja ni ule ule, golikipa ni yule yule, ila mpira umesogea kulia." Ndiyo sababu video ya mtu aliyeketi akisema ni nyepesi, na video ya mpira au ya mvua kubwa ni nzito. Na ndiyo sababu barua moja ikipotea njiani, picha huchafuka kwa muda, mpaka ifike picha nyingine iliyoandikwa nzima.

Kanuni za kufunga mizigo hii ziliandikwa na mataifa kwa pamoja, ili mzigo uliofungwa Japani uweze kufunguliwa Kenya. Mwaka 1988 ilitoka kanuni iitwayo H.261, ya kupeleka picha kwa njia za simu. Mwaka 1993 ikatoka MPEG-1. Kisha ikaja MPEG-2, na kwa hiyo sahani za DVD zikaanza kuuzwa huko Japani mwaka 1996. Mwaka 2003 ikatoka H.264, ambayo hufunga video ile ile karibu katika nusu ya nafasi iliyotakiwa na MPEG-2.

Lakini, ndugu zangu, fundo likikazwa sana ni kazi kulifungua. Kila kanuni mpya ilipunguza mzigo wa njiani, ikaongeza kazi ya yule anayeufungua. Na kazi hiyo ina saa yake. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, kila picha ni lazima ifunguliwe katika sehemu ya 25 ya sekunde, wala haingojwi.

5. NANI AFUNGUE MZIGO?

Ndani ya kompyuta yako mna mfanya kazi mkuu aitwaye prosesa. Tumfananishe na karani mkuu wa ofisi. Anajua kila kazi: kuandika barua, kupiga hesabu, kupanga majalada. Lakini hakufundishwa kazi moja tu, na kwa hiyo ukimrundikia kazi ya namna moja, tena ya haraka, atazidiwa.

Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilitoa programu ya video kwa kompyuta zake, iitwayo QuickTime. Picha zake zilikuwa ndogo mno, hata watu wakazifananisha na stempu ya posta. Karani hakuweza zaidi. DVD zilipokuja, kompyuta nyingi za wakati ule hazikuweza kuzifungua kwa karani peke yake. Watu wakanunua kadi ya ziada iliyojua kazi moja tu, kufungua MPEG-2. Huyo tumwite fundi wa picha. Baada ya miaka michache makarani wakawa na nguvu zaidi, kadi zile zikaachwa.

Kisha ikaja HD, na historia ikajirudia. Mwaka 2006 sahani za HD zilipoanza kuuzwa, hata kompyuta zenye nguvu zilitaabika. Mwaka 2007 kampuni za NVIDIA na AMD zilitoa kadi za picha zenye fundi ndani yake, aliyeweza kufungua H.264 tangu mwanzo hata mwisho. Karani akapumzika.

Walakini kuwa na fundi ni jambo moja, na kumpa kazi ni jambo lingine. Hapo ndipo penye mafundisho ya leo. Mwaka 2005 ilianza tovuti ya YouTube, na mnamo Novemba 2009 ikaanza kuonyesha video za mistari 1,080. Wakati ule video hizo zilipita katika programu iitwayo Flash, nayo ilimtwika karani mkuu karibu kazi yote ya kufungua. Wengi walikuwa na fundi wa picha ndani ya kompyuta zao, lakini fundi aliketi bure huku karani akitokwa jasho. Mwezi wa Juni 2010 lilitoka toleo jipya la Flash, la 10.1, lililompa fundi kazi hiyo katika kompyuta za Windows. Mwenye kadi ya kufaa aliweka toleo jipya bila malipo, na video iliyokuwa ikikwama ikaenda. Kompyuta yake ilikuwa ile ile. Flash yenyewe ilikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2020.

Tena tusiisahau njia ya kuleta mzigo. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya pwani yetu ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa njia nyembamba na ya gharama kubwa. Mwezi wa Julai 2009 ulifunguliwa waya wa baharini uitwao SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam, na njia ikapanuka sana. Shida ya njia ni tofauti na shida ya kufungua. Mzigo waweza kuchelewa kwa sababu barabara ni mbaya, au kwa sababu fundi mlangoni ni mmoja. Asiyetofautisha mambo hayo mawili atapoteza fedha zake.

Jambo la mwisho la historia ni hili. Mafundo hayakuishia H.264. Mwaka 2013 zilitoka HEVC na VP9, na mwaka 2018 ikatoka AV1. Fundi aliyefundishwa H.264 hajui mafundo hayo mapya. Akiletewa mzigo wa AV1, hurudisha kazi kwa karani mkuu, na picha hukwama. Mwenye kompyuta husema, "Mwaka juzi ilikuwa nzuri, sasa imezeeka." Lakini mara nyingi kompyuta haikupoteza nguvu. Fundo ndilo lililobadilika.

6. MAMBO YA KUFANYA

Sasa turudi kwenye kompyuta inayokwama, tukitafuta ni mfanya kazi gani aliyechelewa.

Kwanza, sikiliza sauti. Ikiwa picha na sauti husimama pamoja, na duara linazunguka katikati ya kioo, mzigo haujafika. Shida ni ya njia. Chagua video ya mistari 720 au 480, au ipakue yote kwanza, ndipo uitazame. Ikiwa sauti yaendelea vizuri na picha tu ndiyo inayorukaruka, mzigo umefika lakini haufunguliwi upesi.

Pili, ikiwa video imo katika flashi, inakili kwanza katika diski ya kompyuta yenyewe. Flashi nyingine ni nzito kusomwa.

Tatu, mtazame karani. Katika Windows bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Utaona orodha ya kazi, na neno CPU, ndilo jina la karani. Ikiwa yuko karibu na asilimia 100, amezidiwa. Funga programu na kurasa zote usizozihitaji, ukatazame tena.

Nne, mwamshe fundi wa picha. Ndani ya mipangilio ya kivinjari, na ya programu nyingi za video, kuna mahali pa kuruhusu maunzi, yaani vyombo vya ndani vya kompyuta, yaongeze kasi. Hakikisha pamewashwa. Kisha tafuta toleo jipya la programu inayoiongoza kadi ya picha, ambayo mafundi huiita draiva, kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kadi au kompyuta. Usiichukue mahali usipopajua.

Tano, jaribu programu nyingine ya kuonyeshea. VLC hailipiwi. Ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na tangu mwaka 2001 yeyote aweza kuitumia na hata kuibadilisha.

Sita, angalia joto. Prosesa ikipata joto jingi hujipunguza mwendo ili isiungue. Ikiwa video huanza vizuri, kisha hukwama baada ya dakika kumi, kuna uwezekano kwamba matundu ya hewa yamejaa vumbi. Safisha, wala usiiweke kompyuta juu ya blanketi au mto. Tena, ikiwa inatumia betri, ichomeke katika umeme, maana nyingine hupunguza nguvu ili kuokoa betri.

Saba, pima kioo chako. Kompyuta ndogo nyingi zina kioo cha nukta 1,366 kwa 768. Pigeni hesabu: ni nukta 1,049,088, karibu nusu tu ya nukta za video ya 1,080. Basi kompyuta inafungua nukta milioni mbili, kisha inazipunguza, kwa kuwa kioo hakina nafasi ya kuzionyesha. Video ya mistari 720 ina nukta 921,600, na katika kioo kile hutaona tofauti kubwa. Kwa hiyo kuchagua 720 hakukupunguzii mengi, lakini kunamwondolea karani zaidi ya nusu ya mzigo.

Kuna mkwamo mmoja usio ugonjwa. Vioo vingi huonyesha picha mara 60 kwa sekunde, na sinema ni picha 24. Gawanya 60 kwa 24 upate 2 na nusu. Picha haiwezi kuonyeshwa mara mbili na nusu, basi moja huonyeshwa mara 2 na inayofuata mara 3. Kamera ikigeuka polepole utaona mtikisiko mdogo. Huo usikusumbue. Ni deni la mwaka 1927.

Mkiisha kujaribu yote hayo, na karani bado yuko asilimia 100 hata kwa video ya 720, ndipo mseme kwa haki kwamba kompyuta haiiwezi kazi hiyo. Hapo mkichanga fedha, mtakuwa mmechanga kwa kujua. Tena mtakwenda dukani mkiwa na swali la kumwuliza mwenye duka: "Kadi ya picha ya kompyuta hii yaweza kufungua yenyewe mafundo gani? H.264 tu, au na VP9 na AV1?" Asipoweza kulijibu swali hilo, msifungue mfuko.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini filamu ya ndugu Lumière ilibidi isimame kidogo mbele ya taa?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi video inavyofanana na barua ya pili.
3. Picha inarukaruka lakini sauti yaenda vizuri. Je, shida iko njiani au katika kufungua? Umejuaje?
4. Piga hesabu: video ya nukta 1,280 kwa 720, baiti tatu kwa kila nukta, picha 25 kwa sekunde. Sekunde moja ni baiti ngapi? Linganisha na jibu lililo ubaoni.
5. Kama darasa lenu lina kompyuta, itazameni pamoja. Andikeni katika daftari nukta za kioo chake, na asilimia ya CPU wakati video inapoonyeshwa. Kisha washeni msaada wa maunzi, mwandike tena.

Ndugu wasikilizaji, saa yetu imekwisha, nayo haingoji kama vile picha isivyongojwa. Fanyeni kazi ya swali la tano kwa makini, kila mtu aishike kompyuta kwa zamu yake, asiachiwe mjuzi mmoja tu. Kwaherini.